Kumwita Baba Akiwa Juu

Ilianza Jumamosi ya likizo ya Agosti, saa nane na dakika kumi mchana, mwaka niliokuwa kidato cha pili. Nina uhakika na saa kwa sababu mama aliitazama ile ya ukutani, inayokimbia mbele kwa dakika tano, akapunguza dakika tano kichwani, ndipo akanipa kiondo. Ndani mlikuwa na bakuli la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, lililofungwa kwa kitambaa, kijiko, na chupa ya chai. Hakuna aliyetarajia Baba ale. Chakula kilikuwa cha kuonekana tu.

"Leo usimwite ovyo," mama alisema. Alikuwa ameinama juu ya lile begi la kijani la safari, anakunja sweta ya mdogo wangu. "Akirudi mikono mitupu tena, kesho asubuhi tunapanda basi. Mimi na nyinyi wawili. Tutakaa ushago, kule kijijini, na shule utaingia ya huko. Yeye abaki hapa na karata zake."

Angesema kwa hasira ningejua ni maneno ya siku zote. Alisema kama mtu anayekuambia bei ya unga.

Mimi huwa sijibu. Maneno yangu hufika mdomoni yakiwa yamechelewa, watu wakiwa wameshahamia jambo lingine, kwa hiyo nayaandika tu usiku kwenye daftari na kulala. Nilichukua kiondo, nikavaa sweta yangu kubwa ya shule ingawa hakukuwa na shule, nikatoka. Ile sweta niliivaa hata siku za jua. Mwaka ule mwili wangu ulikuwa umeanza kuonekana na sikupenda uonekane, hasa mahali nilipokuwa naenda.

Nieleze kwanza desturi ya kile kibanda, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini msichana wa shule alikuwa akisimama kila Jumamosi nyuma ya wanaume wanaocheza karata za pesa.

Baba ni mchongaji. Anachonga twiga, faru, na vijiko vya saladi vyenye kichwa cha Mmasai kwenye mpini. Yeye na wenzake walikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya ploti tunamokaa, huku mtaa wa Mowlem, Eastlands. Jumamosi asubuhi mnunuzi huja na pikapu, huchukua mali, hulipa, huondoka. Pikapu ikishakata kona, karata zinatolewa.

Walicheza poka, ile yetu ambayo kila mtoto wa Eastlands anaijua. Unatupa karata inayolingana na iliyo mezani, kwa namba au kwa alama, na wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Ukibakiza moja lazima useme "niko kadi." Mbili na tatu ni za kumwadhibu mwenzako, aokote, huwezi kumalizia nazo. Pale kibandani waliongeza sheria yao. Mtu akisema "niko kadi," wengine wana njia mbili. Wanaweza kutupa karata zao na kumwachia vile visenti walivyoweka mwanzo. Au wanaweza kusema "naongeza," waweke pesa ya maana, wamwambie haya maliza tuone. Akimaliza, zote zake. Akishindwa, anamlipa kila aliyeongeza.

Kwa hiyo mtu anaweza kushika mbili isiyomfaa chochote na kusema "niko kadi" kwa sauti ya aliyeshika dhahabu, na wenzake wakakimbia. Mchezo wote ulikuwa hapo. Karata zilikuwa kisingizio cha kutazamana nyuso.

Sasa desturi yenyewe. Aliye juu haruhusiwi kuinuka. Ni aibu, umekula pesa za watu halafu unaondoka nazo. Aliye chini anaweza kwenda wakati wowote, lakini aliye chini haendi, anataka kurudisha. Mlango mmoja tu waliuacha wazi. Mtoto wako akija kukuita kula, unaweza kuinuka na ulichonacho na hakuna atakayenuna, kwa sababu chakula hakiliwi juu ya karata, na mtoto ametumwa na mama yake. Mke akija mwenyewe ni ugomvi. Mtoto akija ni chakula. Lakini unaitwa mara moja. Ukiitwa ukakataa, mwito umekwisha, unakaa na wengine mpaka mwisho.

"Akiwa juu, mwite," mama alinifundisha nilipokuwa darasa la nane. "Akiwa chini, ngoja."

Ni rahisi kusema. Yeye hajawahi kusimama pale.

Kusimama pale ni kazi. Miguu inauma, lakini miguu si kitu. Kinachochosha ni kungoja. Baba akipanda, nami napanda. Akishuka, nashuka. Na unatakiwa kujua kama huku kupanda ndiko kwenyewe au kuna kwingine mbele. Ukimwita mapema anarudi na kitu kidogo na mama anauliza hiki ni cha nini. Ukichelewa, imekwisha. Jumamosi tatu mfululizo nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kuliko siku za mitihani, na hakuna mtu aliyeona kwamba nilikuwa nimefanya chochote.

Kwa sababu hiyo nilijifunza watu. Wachezaji walikuwa wanne, Baba na wengine watatu. Wa kwanza ni dereva wa lori, mtu wa magharibi, mnene, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Akiwa na karata mbaya huimba nyimbo za kanisa puani. Akinyamaza, kaa chonjo. Wa pili alikuwa karani serikalini kabla hawajapunguzwa kazi, na bado alivaa tai, hata Jumamosi. Alikuwa akipanga karata zake kama mafaili, akipanga tena na tena. Akiacha kuzipanga, basi ameridhika. Wa tatu ni mzee wa kabila letu anayesugua wanyama wa wenzake kwa msasa mpaka wang'ae. Msasa umemlainisha vidole mpaka havina mistari, na uso wake nao ni hivyo hivyo. Huyo sikuwahi kumsoma.

Wa nne ni Baba. Baba akiwa hana kitu hukwangua chini ya ukucha wa kidole gumba, kana kwamba anatoa vumbi la mbao. Vumbi lipo siku zote, lakini hukwangua tu akiwa hana kitu. Sikumwambia. Utamwambiaje baba yako kwamba unamwona?

Nilipofika kibandani walikuwa wameshaanza. Walikalia vigogo, na katikati kulikuwa na kreti la soda lililofunikwa kwa ubao. Nikaenda mahali pangu, nyuma ya bega la kushoto la Baba, karibu na twiga ambao hawajatobolewa macho. Hapo niliona karata zake zote. Baba hakujali. Mtoto haonwi kama anaona.

"Sasa, mrembo wa kiondo," dereva alisema. "Leo ni nini? Muthokoi tena? Buda, hii familia yako haijui chapati?"

"Chapati ni ya Krismasi," Baba alisema bila kugeuka. "Cheza."

"Nacheza, baba. Haraka ya nini? Pesa zako ziko hapa kwangu, zimelala vizuri, nimezifunika blanketi."

Karani alinitazama juu ya karata zake. "Mnafungua lini, madam?"

"Septemba," nilisema.

"Ee?"

"Septemba!"

Mara ya pili sauti ilitoka kubwa mno, kama ya mtu anayegombana. Dereva akacheka. Nilitamani kuingia ndani ya sweta kabisa na kujifunga vifungo kutoka huko ndani.

Kila mchezaji aliweka pesa zake chini ya mnyama wake. Za Baba zilikuwa chini ya faru mdogo ambaye mnunuzi alimkataa kwa sababu pembe ilipasuka. Sikuhitaji kuhesabu. Faru akilala sawa sawa, Baba ana kidogo. Faru akiinuka matako na kuinamisha pua, Baba yuko juu.

Alianza vizuri. Faru akaanza kuinama, na mimi nikaanza kufikiria, nimwite? Nilimkumbuka mama na sweta aliyokuwa akikunja. Kwa pesa kama ile angesema ni mikono mitupu yenye karatasi. Nikangoja. Kisha Baba akasema "niko kadi" akiwa ameshika tatu, karata isiyomaliza. Dereva akaongeza, karani akaongeza, Baba akalipa. Raundi iliyofuata nayo hivyo hivyo. Faru akalala kama kwenye rafu ya duka.

Nikaweka kiondo chini kwenye maranda, kwa sababu mkono ulikuwa unauma na sikuwa nakihitaji kwa wakati ule.

Jambo lililokuwa likinisumbua kwa wiki kadhaa ni kwamba Baba hakuwa mchezaji mbaya. Karata nzuri alizipata kama watu wengine. Lakini akiwa nazo, wote wanatupa, anaokota visenti. Akiwa hana kitu, wanaongeza. Mama aliita hiyo nuksi. Baba mwenyewe alisema, usiku mmoja akivua viatu, "Karata zinakuja, ila watu wanakimbia." Nilifikiri ni ule ukucha. Lakini karani kutoka pale alipokaa hakuweza kuuona mkono ule. Baba aliuficha chini ya ubao.

Basi Baba akapata mkono mzuri. Akabakiza tano ya shupaza, na mezani palikuwa na shupaza. "Niko kadi," akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote. Mimi nikainama, nikaokota kiondo, nikakipachika kwenye mkono wa kulia, nikaanza kuyapanga maneno mdomoni ili yasichelewe.

Dereva alikuwa anaimba puani. Akainua macho. Hayakwenda kwa Baba. Yalipita juu ya bega lake, yakaja kwangu, yakashuka mpaka kwenye kiondo.

"Mimi natupa," akasema.

Karani akamtazama dereva, akatupa. Mzee wa msasa akatupa. Baba akaweka tano yake mezani, akaokota visenti.

"Mnakimbia nini lakini?"

"Mungu ananionyesha, buda. Niko na malaika wangu." Dereva akacheka, akatazama tena kiondo. Kile kicheko nilikijua. Nilikuwa nimekisikia Jumamosi zote zile, nikadhani ananichekea sweta.

Raundi iliyofuata Baba alibakiza mbili. Kiondo kilikuwa chini. "Niko kadi." Macho ya dereva yakapita juu ya bega, yakashuka kwenye maranda. "Naongeza," akasema, na hata hakusubiri pumzi. "Hata mimi," karani akasema.

Niliwaza Jumamosi moja baada ya nyingine. Karata nzuri, naokota kiondo niwe tayari kumwita. Karata mbaya, nakiweka chini nipumzishe mkono. Mimi niliyejiona ninawasoma wote, nilikuwa nimesimama pale kama ubao wa tangazo, nikiwaonyesha karata za baba yangu. Lile begi la kijani nilikuwa nimelifunga mimi, kwa miezi, bila kujua.

Sikuweza kumwambia. Ningemwambia nini, na mbele ya nani? Sikuweza kutoka nje pia. Nikitoka sitajua wakati wa kumwita. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulala nikiwa wima, nimeegemea twiga.

Sikupanga nilichofanya. Baba alikuwa ameshuka sana. Faru alikuwa amelalia mbao tupu na noti moja. Akagawiwa karata. Nikaona amepata karata tatu za kopa na vitu vingine. Akacheza polepole, hakukwangua ukucha. Karata zikapungua mkononi mwake mpaka ikabaki saba ya kopa, na mezani palikuwa na kopa.

"Niko kadi."

Mkono wangu ulitaka kiondo. Nasema kweli, ulitaka wenyewe, kama unavyotaka kujikuna. Kiondo kilikuwa miguuni. Nikakitazama, halafu nikakisogeza kwa kidole cha mguu mpaka ukutani, mbali kidogo, nikabadilisha mguu wa kusimamia, nikatazama mabati kana kwamba nahesabu misumari.

"Naongeza," dereva alisema. Akatoa noti kubwa chini ya twiga wake, akaipiga mezani.

Karani alimtazama, akashika tai yake. "Hata mimi. Naongeza."

Mzee wa msasa alitazama kiondo pale ukutani. Kisha akatazama mkono wangu wa kulia. Nami nikautazama, nikaona nilikuwa nimekunja vidole kama mtu aliyeshika mpini wa ndoo, na hakukuwa na ndoo. Mzee akaweka karata zake chini, taratibu, akatupa.

Zamu ilikuwa ya dereva. Alizipitia karata zake akitafuta ya kubadilisha alama, hakupata, akatupa tisa ya kopa. Karani akatupa nne, nayo ya kopa. Baba akaiweka saba yake juu bila haraka, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ngai!" karani akasema.

"Haiwezekani," dereva akasema. "Haiwezekani! Wewe mtu, leo umelala wapi?" Akanitazama, akatazama kiondo, akafungua mdomo, akaufunga. Angesema nini? Kwamba nimemdanganya kwa kikapu?

Faru aliinuka matako mpaka pembe yake iliyopasuka ikagusa ubao. Nikaokota kiondo.

"Baba, chakula kinapoa."

Ndiyo maneno yenyewe, yale ya siku zote. Dereva alikunja uso lakini akasema linalotakiwa kusemwa. "Haya, nenda, buda. Nenda na pesa zetu. Mtoto amekuita."

"Ngoja kidogo," Baba alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Hajawahi kukataa akiwa juu. Akiwa chini ndiyo, lakini juu, hapana. Juu ndipo tulipokuwa tukingoja, mimi na mama, wiki baada ya wiki.

"Sheria ni sheria," karani alisema, akichanganya karata. "Umeitwa. Inuka, au ukae mpaka mwisho."

"Nakaa. Gawa." Baba aliusugua uso wake kwa viganja. "Leo nimewasoma nyinyi. Leo ni leo."

Nilimtazama kutoka nyuma, sikio lake na shavu. Lilikuwa limeng'aa kama la mtu mwenye homa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiondo hakikuwa shida yote. Ningeweza kusimama pale na kudanganya mpaka Krismasi, na kungekuwa na raundi nyingine ya mwisho siku zote. Karani akagawa. Baba akaweka visenti vyake, akaokota karata, akaanza kuzifungua kwa kidole gumba, moja moja.

"Baba, mama anafunga begi."

Sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa kubwa mno, kama ile ya Septemba.

"Amesema ukirudi mikono mitupu kesho tunapanda basi, sisi wote, nitaingia shule ya ushago. Ameshakunja sweta."

Sijui kwa nini nilitaja sweta. Nadhani ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekiona kwa macho.

Hakuna aliyecheka. Nilingoja dereva acheke na hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Bati lilipigwa na upepo mara moja. Baba hakugeuka. Alikaa na zile karata, akaanza kukwangua chini ya ukucha wa kidole gumba, juu ya ubao, mbele ya watu wote. Kisha akaziweka karata mezani, zikiwa zimefunuka. Sikuzitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kutotazama karata za baba yangu.

Akaokota pesa chini ya faru.

"Lakini mwito ulikuwa umekwi..." karani alianza.

"Mwache aende," mzee wa msasa alisema. "Huo haukuwa mwito wa chakula."

Baba alishatoka. Mimi nilikuwa nimeganda. Mzee aliinama, akachukua kiondo ambacho sikumbuki kukiweka chini, akaninyooshea.

"Kiondo chako, mwiitu," alisema. Mwiitu ni binti, kwa lugha yetu. "Ni kizito hiki. Siku nyingine kiache nyumbani."

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma. Pale kwenye bomba foleni ya mitungi ilikuwa ndefu kama kawaida, na mama mmoja wa ploti ya jirani akasema, "Baba nanihii, leo mapema!" Baba akainua mkono bila kusimama. Tulipofika kwenye ukuta wa mwisho kabla ya mlango wetu alisema, bila kunitazama, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ndiyo, Baba," nilisema. Kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndani, aliweka pesa mezani kando ya pasi. Mama hakuzihesabu. Alizitazama, halafu akamtazama yeye, halafu mimi, na mimi nikatazama kiondo.

"Umeshinda?" mama aliuliza.

"Yule dereva nilimsoma mpaka ndani," Baba alisema. "Aliongeza kama kipofu."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani anakata kucha. "Kumbe fathe amewaosha!"

"Fathe ni nani?" mama alimkata. "Ushinde na hiyo Sheng huko nje. Hapa ni Baba."

Kisha alivuta begi la kijani, akafungua zipu, akatoa sweta ya mdogo wangu, akamrushia. "Vaa, baridi." Nilingoja atoe na vitu vingine. Hakutoa. Alifunga zipu na kulisukuma begi chini ya kitanda likiwa na mengine yote ndani.

Baba alikaa kwenye kiti chake. "Jumamosi ijayo usimtume huyu," alisema.

"Nitamtuma nani?"

Baba alivuta kiondo, akafungua kitambaa, akala ule muthokoi kwa kile kijiko nilichokuwa nikikibeba kila wiki. Ulikuwa umepoa kabisa. Alikula wote. Sikukumbuka siku nyingine ambayo chakula cha kiondo kililiwa na yeye.

Jioni ile hakuniita jina, hakunituma kuni wala maji. Nililala mapema, na sikuandika kitu.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Hatukupanda basi. Mama alikuwa anapiga pasi kitambaa chake cha kichwa, na kanisa la upande wa pili lilishaanza ngoma. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlangoni tangu kabla sijaamka, na shati la jana. Nilipasha maji, nikayamimina kwenye karai kama kila Jumapili, nikampelekea.

"Baba, maji."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama ule upande wa kibanda, ingawa kutoka mlangoni kwetu hakionekani, unaona tu tanki na nguo za watu. Nilidhani bado amekasirika, nikataka kuliweka karai na kukimbilia ndani. Ndipo nikaona mkono wake. Alikuwa anakwangua chini ya ukucha wa kidole gumba, polepole, na ukucha wenyewe ulikuwa safi.

Niliweka karai karibu na mguu wake. Nikaingia ndani, nikachukua viazi vya mchana na kisu, nikarudi, nikakaa kwenye ngazi ya chini yake, na nikaanza kumenya. Nilimenya taratibu. Viazi vilikuwa vichache, na sikutaka viishe kabla hajanawa.